Dhoruba moja, visiwa vingi: kwa nini daraja la kimbunga cha Karibi halitoshi kueleza hatari yake

Tarehe 27 Agosti 2015, kabla hapajapambazuka, mvua ilianza kumwagika juu ya Dominica, kisiwa kidogo cha milima katika safu ya mashariki ya Karibi. (Msomaji asikichanganye na Jamhuri ya Dominika, ambayo ni nchi nyingine kabisa.) Dhoruba iliyoileta mvua hiyo iliitwa Erika. Upepo wake ulikuwa na kasi ya kama kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo haikufikia hata kiwango cha kuitwa kimbunga. Lakini kituo cha hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa Canefield kilipima zaidi ya milimita 300 za mvua, na sehemu kubwa ya maji hayo ilishuka ndani ya saa chache za alfajiri na asubuhi. Mito ikapasua kingo, milima ikameguka, uwanja mkuu wa ndege wa Douglas-Charles ukafunikwa na maji na tope. Watu wapatao 30 walikufa, wengi wao katika kijiji cha Petite Savanne kusini-mashariki mwa kisiwa. Wakazi waliosalia walihamishwa, na kijiji hakikurudiwa tena. Serikali iliwajengea makazi mapya sehemu inayoitwa Bellevue Chopin. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 483 za Kimarekani, karibu asilimia 90 ya pato la mwaka la nchi nzima.

Naanza na Erika kwa makusudi. Kila mwaka, kuanzia Juni mosi hadi Novemba 30, habari za Karibi hutufikia zikiwa zimebeba swali moja tu: kimbunga ni cha daraja la ngapi? Erika haikuwa na daraja lolote. Kwa hiyo aliyeuliza swali hilo usiku wa tarehe 26 alipata jibu la kumtuliza, akalala.

Daraja linatokana na kipimo cha Saffir-Simpson. Dhoruba ya tropiki huanzia upepo wa kilomita 63 kwa saa. Ukifika 119 ni kimbunga cha daraja la 1. Ukivuka 252 ni daraja la 5, na juu yake hakuna lingine. Kipimo hiki kinahesabu upepo peke yake, tena ule mkali kuliko wote unaopatikana mahali popote ndani ya mfumo mzima. Hakisemi chochote kuhusu mvua. Hakisemi bahari itapanda kiasi gani, wala dhoruba inatembea haraka au inajivuta. Zamani kiliambatanishwa na makadirio ya kina cha maji ya bahari yatakayosukumwa nchi kavu, lakini wataalamu wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichoko Miami waliyaondoa mwaka 2010, kwa sababu yalikuwa yanapotosha watu. Walichobaki nacho ni kipimo cha nguvu ya kuezua mapaa, na kwa kazi hiyo ni kizuri.

Sasa tuangalie visiwa vyenyewe, kwa kuwa hapo ndipo dhoruba moja inapogeuka kuwa dhoruba nyingi.

Barbados ni ya chini. Kilele chake, Mount Hillaby, hakifiki mita 350. Barbuda ni tambarare zaidi. Dominica, ambayo eneo lake ni kilomita za mraba 750 tu, ina Morne Diablotins yenye mita 1,447. Jamaica ina Blue Mountain Peak, mita 2,256. Hewa iliyojaa unyevu wa bahari ya joto inapokutana na ukuta wa mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa huachia maji yake, kama nguo iliyoloa inayokamuliwa. Ndiyo maana wingu lile lile laweza kuipatia Barbados milimita 40, kisha likaipatia Dominica milimita 300. Tena mteremko wa Dominica ni mkali na mito yake ni mifupi: maji yaliyoanguka juu mlimani yanaweza kufika baharini kabla hata taarifa ya mvua hiyo haijaandikwa ofisini.

Erika ilikuwa na jambo jingine lililowachanganya wengi. Kitovu chake kilipita kaskazini mwa Dominica, jirani na Guadeloupe, lakini mawingu mazito ya mvua hayakuwa juu ya kitovu. Upepo wa anga ya juu ulikuwa umeisukuma dhoruba ikakaa upogo, mvua upande mmoja na kitovu upande mwingine. Kwa macho ya mtaalamu, hiyo ni dalili ya dhoruba dhaifu inayosambaratika, na kweli Erika ilisambaratika siku iliyofuata karibu na kisiwa cha Hispaniola. Kwa mtu wa Petite Savanne, udhaifu huo ndio uliomletea mvua kichwani.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu ile ramani maarufu ya utabiri wa njia ya kimbunga, yenye umbo la koni jeupe linalopanuka kuelekea mbele. Watu wengi huisoma wakidhani kwamba aliye ndani ya koni yuko hatarini na aliye nje yuko salama. Sivyo. Koni inaonyesha njia ambayo kitovu huenda kikapita, kitovu peke yake, na imechorwa kwa makosa ya utabiri ya miaka iliyotangulia, kiasi kwamba takriban mara mbili kati ya tatu kitovu hubaki ndani yake. Upana wake hauhusiani kabisa na upana wa dhoruba. Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliikumba Jamaica magharibi kikiwa cha daraja la 5, upepo wa kilomita 295 kwa saa na kanieneo (mgandamizo wa hewa, ambao kadiri unavyoshuka ndivyo kimbunga kinavyokuwa kikali) ya milibari 892 katikati, miongoni mwa nguvu kubwa kabisa zilizowahi kupimwa katika kimbunga cha Atlantiki kinapofika nchi kavu. Mji wa Black River uliharibiwa vibaya. Lakini mamia ya kilomita mashariki ya hapo, huko Petit-Goâve nchini Haiti, mto ulifurika ukaua watu zaidi ya 20, na jicho la kimbunga, yaani kitovu chake kilichotulia, halikufika Haiti hata kidogo. Melissa kilikuwa kimejivuta baharini kwa siku kadhaa, polepole mno, huku mikono yake ya mvua ikiendelea kuimwagia rasi ya kusini ya Haiti.

Mwendo wa polepole ni hatari inayojitegemea. Mwaka 1963 kimbunga Flora kiliikalia Cuba mashariki kwa siku nne hivi, kikizungukazunguka, na sehemu za mkoa wa Santiago zilipata zaidi ya milimita 2,000 za mvua. Haiti na Cuba kwa pamoja zilipoteza maelfu ya watu. Dorian, mwaka 2019, kilisimama juu ya Grand Bahama kwa zaidi ya siku nzima. Visiwa vya Bahama havina milima ya kukamua mawingu. Huko bahari ndiyo iliyopanda ikaingia majumbani.

Upande wa kimbunga unaoangukia wewe ni muhimu kama umbali wako nacho. Katika nusu ya kaskazini ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kimbunga kikiwa kinasafiri kuelekea magharibi, upande wake wa kaskazini unajumlisha mambo mawili, mzunguko na mwendo, na upande wa kusini unapunguza kimoja kwa kingine. (Kwetu mwambao wa Afrika Mashariki mambo hugeuka, kwa kuwa mzunguko ni wa kinyume, Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024 ilizunguka kufuata mwendo wa saa.) Kisa kinachoonyesha hili wazi kuliko vyote ni cha nchi moja yenye visiwa viwili. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017, jicho la kimbunga Irma lilipita juu ya Barbuda, upepo ukiwa kilomita 285 kwa saa. Vifaa vya kupimia upepo vilivunjika. Sehemu kubwa ya nyumba za Codrington, mji pekee wa kisiwa, zilibomoka au kuezuliwa. Antigua iko kilomita kama 50 tu kusini yake, na ilipata madhara madogo. Siku chache baadaye, kimbunga kingine, Jose, kilipokuwa kinakaribia, wakazi wote wa Barbuda, wapatao 1,800, walihamishiwa Antigua, na kisiwa kilichokaliwa kwa karne tatu hivi kikabaki bila mtu. Vichwa vya habari vilisema “Irma yaikumba Antigua na Barbuda”. Ni kweli kwa jina la nchi, lakini kwa watu waliokuwa kwenye visiwa hivyo viwili zilikuwa siku mbili zisizofanana.

Kuna pia suala la bandari. Karibi huvumiwa mwaka mzima na pepo za biashara kutoka mashariki. Kwa hiyo tangu zamani miji mikuu ya visiwa vidogo ilijengwa upande wa magharibi, upande wa demani: Roseau ya Dominica, Castries ya Saint Lucia, St. George's ya Grenada. Huko maji yametulia, na nyumba, barabara na magati yameteremshwa hadi ukingoni mwa bahari. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilifanya kitu ambacho karibu hakifanyiki: kilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Mawimbi yake yaliipiga pwani ya magharibi ya visiwa kuanzia kusini hadi kaskazini, hata visiwa vilivyokuwa mbali sana na kitovu. Watu walimpa jina la utani, Lenny wa njia mbaya.

Haya yote yanatuleta kwenye swali la nani anayaona. Setilaiti inaona juu ya mawingu. Inaliona jicho, inakadiria nguvu kutokana na umbo na ubaridi wa vilele vya mawingu, na kazi hiyo inafanyika vizuri ajabu. Ndege maalumu za Marekani huruka ndani ya dhoruba, mara nyingi katika kimo cha kama mita 3,000, na kudondosha mirija yenye vipimo inayoshuka kwa mwavuli hadi baharini ikituma kanieneo, joto na upepo. Lakini ndege haiwezi kukwambia mto umepanda kiasi gani nyuma ya shule. Kwa hilo lazima awepo mtu pale chini.

Karibi ina historia ndefu ya watu hao, na kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kubwa ya mada hii. Mwaka 1870 padre Mjesuiti, Benito Viñes, alichukua uangalizi wa kituo cha hali ya hewa cha Chuo cha Belén, Havana. Alipima kanieneo na upepo mara nyingi kwa siku, akatazama jinsi mawingu membamba ya juu yanavyotawanyika kutoka sehemu moja ya upeo, na baada ya kila kimbunga alikwenda vijijini kukusanya maelezo ya waliokiona. Septemba 11, 1875 alichapisha gazetini onyo la kimbunga, linalohesabiwa kuwa utabiri wa kwanza wa aina hiyo, na kimbunga kikafika. Baadaye alijenga mtandao wa waangalizi katika visiwa mbalimbali waliomtumia taarifa kwa simu ya maandishi. Alifariki mwaka 1893, kazi ikaendelea.

Mwaka 1900 Cuba ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilifanikisha kuzuiwa kwa taarifa za hali ya hewa za Wacuba kupita kwenye nyaya za simu, kwa kuwaona wanapiga kelele na kutia watu hofu. Mapema Septemba dhoruba ilipita Cuba. Waangalizi wa Havana walisema inaelekea magharibi, itaingia Ghuba ya Meksiko na kupata nguvu. Washington ilisema itageuka kaskazini kuelekea Florida. Tarehe 8 Septemba iliingia Galveston, Texas, na watu wanaokadiriwa kuwa 8,000 walikufa. Hadi leo hakuna msiba wa asili ulioua watu wengi kuliko huo katika historia ya Marekani. Siwezi kusoma habari hii bila uchungu: maarifa yalikuwepo, yalikuwa sahihi, na yalidharauliwa kwa sababu ya waliokuwa nayo.

Walichokuwa wakikitazama hakihitaji mitambo mikubwa. Katika tropiki barometa, kifaa cha kupimia kanieneo, ina mdundo wake wa kila siku: kanieneo hupanda hadi kilele karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku na kushuka hadi saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya milibari mbili tatu tu. Ni mdundo wa uhakika kiasi kwamba mtu akiandika namba nne kwa siku kwa wiki moja ataujua kwa moyo. Siku barometa inapokosa kupanda saa nne asubuhi, kuna kitu baharini. Kabla ya hapo bahari huwa imeshatuma habari: mawimbi marefu, mazito, yanayofika kwa nafasi kubwa kati ya moja na jingine, huku upepo wa hapo ukiwa shwari.

Kisha upepo wenyewe. Ukiupa mgongo upepo ukiwa nusu ya kaskazini ya dunia, kitovu kiko upande wako wa kushoto. Kimbunga kinachotoka mashariki kikikaribia, upepo wa kisiwani huhama kutoka mashariki na kuanza kuvuma kutoka kaskazini. Ukiendelea kugeuka kupitia mashariki hadi kusini-mashariki, kitovu kinapita kusini mwako, nawe uko upande mbaya. Ukigeuka kupitia magharibi hadi kusini, kinapita kaskazini. Na ukibaki kaskazini hapo hapo huku ukizidi nguvu na barometa ikiporomoka, basi kinakujia moja kwa moja. Hapo ndipo jicho linapofika, upepo hukatika ghafla, na mtu hushawishika kutoka nje kukagua paa. Muda si mrefu upande wa pili wa ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho hufika, upepo ukitoka upande wa kinyume, na chochote kilicholegezwa na awamu ya kwanza kinang'oka.

Taarifa kama hizo bado zinatumwa. Vituo vya visiwa vina majukumu waliyogawana: Antigua hutoa onyo kwa niaba ya visiwa jirani kama Montserrat, Anguilla na Saint Kitts na Nevis; wataalamu wa eneo zima hufundishwa katika taasisi ya hali ya hewa na maji iliyoko Barbados, iliyoanza mwaka 1967. Pembeni yao wapo watu wa kujitolea wenye vipimamvua uani, na wapiga redio wasio wa kulipwa. Mtandao wao wa kufuatilia vimbunga umekuwepo tangu 1965. Hukusanya vipimo kutoka visiwani na kuvifikisha Miami. Minara ya simu ikianguka, mara nyingi redio hizo ndizo sauti ya kwanza kutoka.

Msomaji anayefuatilia taarifa hizo mtandaoni atakutana na namba zinazogongana, na si lazima mtu awe amedanganya. Miami hupima upepo kwa wastani wa dakika moja, ilhali vituo vingi, vya Ufaransa huko Martinique na Guadeloupe vikiwemo, hutumia wastani wa dakika kumi, ambao huwa chini kwa kama asilimia 10. Dharuba, yaani mipigo ya upepo ya sekunde chache, ni namba ya tatu, kubwa kuliko zote. Wengine wanaandika kwa noti (maili za baharini kwa saa), wengine maili, wengine kilomita. Kipimo kilichoko kwenye kilima husoma tofauti na kilichoko bondeni. Kipimamvua nacho hudanganya kwa upande mmoja tu: katika upepo mkali matone hupita mlalo juu ya mdomo wake, kwa hiyo mvua halisi kwa kawaida ni zaidi ya iliyoandikwa. Na namba ya juu kabisa mara nyingi haipo, kwa kuwa kifaa kilivunjika kabla ya kilele. Kimbunga Maria kilipoingia Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017 kiliiharibu rada ya kisiwa wakati ilipohitajika mno.

Siku mbili kabla ya hapo Maria kilikuwa kimepita Dominica, kisiwa kile kile cha Erika, usiku wa saa tatu na dakika chache, kikiwa cha daraja la 5. Kilikuwa kimepanda kutoka daraja la 1 ndani ya muda wa kama siku moja, kutokana na maji yenye joto hadi kina kirefu na anga ya juu iliyotulia. Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit aliandika mtandaoni usiku huo kwamba paa la nyumba yake limeondoka, na muda mfupi baadaye mawasiliano ya kisiwa yakakatika. Watu 65 walikufa au kupotea. Upandaji wa kasi kama huu ndio unaowanyima watu muda. Angalizo hutolewa saa 48 kabla, onyo saa 36 kabla. Mtu aliyejiandaa asubuhi kwa kimbunga cha kawaida anajikuta jioni mbele ya kitu kingine. Wajamaika wana shairi la zamani la kuhesabu miezi: Juni mapema mno, Julai kaa tayari, Agosti uangalie, Septemba ukumbuke, Oktoba yamekwisha. Beryl kilifika Carriacou, Grenada, tarehe 1 Julai 2024 kikiwa cha daraja la 4, na baada ya hapo kikapanda hadi la 5, mapema katika msimu kuliko kimbunga chochote cha Atlantiki kilichorekodiwa. Melissa nacho kilifika siku tatu kabla Oktoba haijaisha.

Vingi vya vimbunga hivi vikubwa huanzia Afrika. Ni mawimbi ya hewa yanayozaliwa juu ya nyanda za Sudan na milima ya Ethiopia, yakisafiri magharibi juu ya Sahel, moja kila baada ya siku tatu au nne, yakitokea baharini karibu na Senegal na Cabo Verde. Mengi hufa njiani. Machache hukuta bahari yenye nyuzi 27 au 28 na hayakutani na upepo wa kuyapasua.

Limebaki jambo la hesabu ya waliokufa, nalo linachanganya kuliko mengine yote. Kwa miezi kadhaa idadi rasmi ya Puerto Rico baada ya Maria ilikuwa watu 64. Agosti 2018, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, serikali ya kisiwa iliikubali nyingine: 2,975. Wale 64 ni ambao vyeti vyao vya kifo vilitaja kimbunga. Wengine waligunduliwa kwa kulinganisha vifo vya miezi iliyofuata na vile vya miaka ya kawaida. Umeme ulikatika kisiwa kizima, na baadhi ya nyumba za milimani zilikaa karibu mwaka bila kuupata tena. Mgonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mzee anayepumua kwa mashine, mwenye kisukari ambaye insulini yake inahitaji jokofu: hao hawakuuawa na upepo wa kilomita 250 kwa saa, na hakuna kipimo kilichowekwa juu ya nguzo ambacho kingewahesabu. Walihesabiwa kwa sababu kuna watu waliokataa kuiamini ile namba ya kwanza wakaendelea kuuliza.